Antibayotiki wodini: anayeianzisha yupo, anayeisimamisha ni nani?

Saa mbili kasoro asubuhi, raundi haijaanza, tuliingia wodi ya wazazi watu watatu: mimi mfamasia, sista mmoja wa wodi hiyo, na daktari kijana aliyekuwa katika mwaka wake wa mafunzo kwa vitendo. Siku hiyo tulikwenda kuhesabu. Kila kitanda chenye mtu, faili linafunguliwa, karatasi ya dawa inasomwa, majibu yanaandikwa: huyu ana antibayotiki au hana, kama anayo, ni ipi, anapewa kwa sindano au kwa mdomo, ilianza lini, inatibu nini, itakoma lini.

Kitanda cha sita alilala mama wa miaka ishirini na kitu, siku ya nne tangu ajifungue kwa operesheni. Mtoto ananyonya vizuri. Mshono mkavu. Joto la mwili halijapanda hata mara moja tangu atoke chumba cha upasuaji. Mkono wake wa kulia ulikuwa na kanyula, ule mrija mdogo wa kupitishia dawa kwenye mshipa, iliyofungwa kwa plasta, na sehemu ile ilikuwa imevimba na ukiigusa ina moto. Juu yake ilining'inia chupa ya metronidazoli, ile ambayo wengi wanaijua kwa jina la Flagyl, ikidondoka taratibu. Mama yake mzazi alikuwa amemletea mtori kwenye chupa ya chai, naye akiunywa kwa mkono wa kushoto, kwa sababu wa kulia haukunjiki.

Faili lilisema: seftriaksoni gramu 1 mara moja kwa siku, metronidazoli miligramu 500 kila baada ya saa 8. Sehemu ya sababu ilikuwa tupu. Sehemu ya tarehe ya mwisho ilikuwa tupu.

“Sista, hii ni ya siku ngapi?” niliuliza.

“Mpaka daktari aseme.”

Nikamgeukia daktari kijana. “Nilikuta imeandikwa,” akasema. Aliyeandika alikuwa daktari wa zamu usiku ule wa operesheni, na tangu hapo hajapangiwa tena wodi hiyo. Kwa siku nne dawa ilikuwa inaingia mwilini mwa mtu, na kati ya wote waliomhudumia hakuna aliyekuwa na sababu ya kuiendeleza. Hakuna pia aliyejiona ana mamlaka ya kuisimamisha.

Nimeanza na kitanda hicho kwa sababu kinasema jambo ambalo takwimu peke yake hazilisemi. Tukizungumza juu ya usugu wa vimelea dhidi ya dawa, ule ambao Wizara ya Afya ya Tanzania imeufupisha kuwa UVIDA, vidole vyetu hunyooshwa mitaani: muuza duka anayetoa vidonge bila cheti, mgonjwa anayeacha dozi njiani, mfugaji anayechanganya dawa kwenye maji ya kuku. Yote hayo yapo na yanaumiza. Mimi mwenyewe nimeyasema redioni zaidi ya mara moja. Lakini hospitali ndipo zinapotumika antibayotiki nzito, kwa sindano, kwa watu dhaifu waliolala kitanda kwa kitanda, na humo ndimo vimelea sugu hupata shule. Tukitaka kujua dawa hizi zinatumikaje, tuanze na nyumba yetu wenyewe.

Hesabu ya siku moja niliyoieleza si ubunifu wetu. Shirika la Afya Duniani lina utaratibu wake uliochapishwa mwaka 2018, na kabla ya hapo, mwaka 2015, ilifanyika hesabu kubwa katika nchi 53. Kati ya wagonjwa 86,776 waliolazwa siku ya hesabu, asilimia 34.4 walikuwa kwenye dawa za kupambana na vimelea. Mtu mmoja katika watatu. Uchunguzi wa namna hiyo katika hospitali sita za rufaa Tanzania, uliochapishwa mwaka 2020, ulikuta kiasi cha asilimia 62. Kenya, katika hospitali 14 za umma, ilikuwa karibu asilimia 47.

Haraka ya kusema “tunatumia mara mbili kuliko wao” ingekuwa ya uonevu. Wodi zetu hulaza wagonjwa walio hoi zaidi, wengi wameshahangaika na zahanati na duka la dawa kabla ya kufika, watoto ni wengi, na maambukizi ndiyo yanayowaleta. Hospitali ya Ulaya yenye wazee waliokuja kubadilishwa nyonga hailingani na wodi ya watoto ya mkoa wetu msimu wa mvua. Kwa hiyo asilimia 62 hainitishi yenyewe. Kinachonitisha ni kwamba ukifungua mafaili ya hao 62, unakuta dawa zilezile mbili zinajirudia kitanda baada ya kitanda, kwa mwenye nimonia, kwa aliyepasuliwa, kwa mwenye homa isiyojulikana, kwa aliyevunjika mguu: seftriaksoni na metronidazoli. Kama magonjwa ni tofauti na dawa ni ileile, basi kinachochagua dawa si ugonjwa.

Ni nini basi? Nimekaa miaka mingi dirishani na wodini, na jibu langu ni kwamba seftriaksoni inachaguliwa na hospitali yenyewe, kwa maana ya namna hospitali ilivyo. Chukua wodi yenye wagonjwa 20 wanaohitaji sindano. Ukifuata mwongozo kwa mgonjwa anayepaswa kupata ampisilini na jentamaisini, ampisilini ni kila baada ya saa 6, yaani mara nne kwa siku, na jentamaisini mara moja. Wagonjwa 20 mara tano ni sindano 100 kwa siku. Kila moja ina kichupa cha unga, maji ya kuchanganyia, bomba, glovu, pamba, na muuguzi wa kusimama pale akisukuma taratibu. Seftriaksoni hukaa mwilini muda mrefu, hivyo wengi wao watachomwa mara moja tu kwa siku: sindano 20. Usiku wodi ina wauguzi wawili, mmoja wao amemsindikiza mgonjwa chumba cha upasuaji. Ungekuwa wewe, ungependa daktari aandike nini?

Ongeza kwamba bei yake imeshuka sana tangu haki ya umiliki ilipoisha na viwanda vingi kuanza kuitengeneza. Ongeza kwamba mara nyingi ndiyo inayokuwepo stoo wakati nyingine zimeisha. Ongeza kwamba inagusa vimelea vya aina nyingi, hivyo daktari asiye na kipimo anahisi amefunika uwanja mzima. Kila mmoja katika mnyororo huu anafanya uamuzi wenye akili kwa pale aliposimama. Ndiyo maana semina za kuwaelimisha madaktari huisha, vyeti vikagawiwa, na wiki inayofuata karatasi za dawa zinasoma vilevile.

Gharama ya uamuzi huo haionekani kitandani, na hapo ndipo penye hatari. Kiasi kikubwa cha seftriaksoni hutoka mwilini kwa njia ya nyongo na kuishia utumboni, mahali wanapoishi bakteria kwa matrilioni. Wanaodhurika kirahisi wanakufa, na wenye uwezo wa kuivunja dawa hiyo wanabaki na kuzaana. Uwezo huo hubebwa kwenye vipande vya chembe urithi ambavyo bakteria mmoja anaweza kumpa mwingine, hata wa jamii tofauti, kama E. koli kwa Klebsiella, wote wakazi wa utumbo. Mgonjwa anarudi nyumbani amepona mshono, na utumboni amebeba wageni ambao siku akipata maambukizi ya njia ya mkojo, sindano ileile haitawafanya kitu. Au hawaendi naye nyumbani: wanabaki kwenye reli ya kitanda, kwenye beseni, kwenye mikono yetu, wakimsubiri mtoto atakayelazwa kesho.

Hili tumelijua kwa miaka ishirini na zaidi, tena kwa ushahidi wa hapa hapa. Watafiti waliofanya kazi Hospitali ya Taifa Muhimbili mwaka 2001 na 2002 walichukua damu za watoto waliolazwa na kuziotesha maabara, yaani kuziacha bakteria waliomo wakue ili watambulike. Matokeo waliyochapisha mwaka 2005 yalionyesha kwamba watoto waliokuwa na bakteria wenye uwezo wa kuzivunja dawa za jamii ya seftriaksoni, asilimia 71 walifariki. Waliokuwa na bakteria wasio na uwezo huo, asilimia 39. Miaka miwili baadaye wakatoa takwimu nyingine kutoka hospitali hiyohiyo: maambukizi ya damu ya bakteria wa Gram-hasi, kundi kubwa ambalo E. koli na Klebsiella wamo, yaliua asilimia 43.5 ya watoto walioyapata, na malaria asilimia 20.2. Malaria ina kampeni, vyandarua, wimbo wake, siku yake. Mtoto aliyekufa kwa Klebsiella sugu, mara nyingi kwenye cheti chake huandikwa “sepsisi”, yaani maambukizi yaliyoulemea mwili, na familia inaambiwa sindano zilichomwa zote lakini haikuwa riziki.

Tunarudi kwenye neno nililolitaja: daktari asiye na kipimo. Mradi mmoja wa kupima hali ya maabara katika nchi 14 za Afrika, zikiwemo Tanzania, Kenya na Uganda, uliangalia maabara zipatazo 50,000. Zilizokuwa na uwezo wa kufanya vipimo vya bakteria zilikuwa asilimia 1.3. Hata pale kipimo cha kuotesha kipo, kina masharti: damu ichukuliwe kabla ya dozi ya kwanza, iingie kwenye chupa zake maalumu, ifike maabara mapema, na majibu yasubiriwe siku mbili tatu au zaidi. Wodini huwa hivi: mgonjwa anafika usiku, chupa zimefungiwa, dawa inaanza. Siku ya tatu homa haijashuka, ndipo mtu anakumbuka kuotesha. Damu tayari imejaa antibayotiki. Majibu yanarudi: hakuna kilichoota. Daktari anasema maabara haina msaada, na mara nyingine haagizi kabisa. Maabara kwa kuwa haiagizwi haitengewi bajeti ya chupa. Nimeona mduara huu ukizunguka mpaka mashine ya gharama kubwa ya kuoteshea damu ikageuzwa meza ya kuwekea mafaili.

Na kutojua kunatugharimu pande zote mbili, kwa kuwapa dawa wasioihitaji na kwa kuwanyima dawa yao wanaoihitaji nyingine. Mfano ninaourudia kila ninapofundisha ni wa Moshi. Kati ya 2007 na 2008, watafiti waliwafuatilia wagonjwa 870 waliolazwa na homa katika hospitali za KCMC na Mawenzi. Madaktari walikuwa wameandika malaria kwa asilimia 60.7 ya wagonjwa hao. Vipimo vya kina vilipokamilika, malaria ilikuwa chanzo cha homa kwa asilimia 1.6 tu. Palikuwa na maambukizi ya bakteria kwenye damu, palikuwa na chikungunya, na kundi kubwa lilikuwa na magonjwa yatokanayo na wanyama: homa ya mgunda, homa ya Q, homa ya kupe, bruselosisi. Sasa angalia. Homa ya Q na homa ya kupe hutibiwa kwa doksisaiklini, vidonge vya bei nafuu ambavyo kila duka la dawa linavyo. Seftriaksoni haiziwezi. Na chikungunya ni kirusi, haina habari na antibayotiki yoyote. Mtu aliyetoka kuzalisha mbuzi wake kijijini akalazwa na homa kali anaweza kuchomwa sindano siku saba za dawa ambayo haimgusi, akaondoka na homa yake na utumbo wenye vimelea sugu. Swali “unafuga nini nyumbani?” halihitaji mashine, na bado huwa silioni kwenye mafaili.

Tangu vipimo vya haraka vya malaria vienee, tatizo limehama upande. Daktari anaona mstari mmoja, malaria hakuna, lakini mgonjwa ana homa na hawezi kurudishwa mikono mitupu. Mahali ilipokuwa dawa ya malaria ikakaa antibayotiki. Wakati wa UVIKO-19 tuliona jambo hilohilo kwa kiwango cha dunia: taarifa ya Shirika la Afya Duniani ya mwaka 2024 ilisema wagonjwa wa korona waliolazwa ambao walikuwa na maambukizi ya bakteria ya kuhitaji antibayotiki walikuwa kiasi cha asilimia 8, ilhali waliopewa antibayotiki “kwa tahadhari” walikuwa watatu katika kila wanne. Kanda ya Afrika ilikuwa miongoni mwa zilizoongoza, asilimia 83.

Niseme kidogo juu ya kipimo kinachotumika siku hizi kutuambia kama tunaendelea vizuri, maana kina tundu. Mwaka 2017 Shirika la Afya Duniani lilizigawa antibayotiki katika makundi matatu: za kutumiwa kwanza, za kutumiwa kwa uangalizi, na za akiba. Seftriaksoni na meropenemu ziko kundi la uangalizi, amoksilini, jentamaisini na sefazolini kundi la kwanza, kolistini akiba. Septemba 2024, nchi zilizokutana Umoja wa Mataifa ziliweka lengo kwamba ifikapo 2030 asilimia 70 ya matumizi ya dunia yatoke kundi la kwanza. Ni lengo jema. Lakini metronidazoli nayo iko kundi la kwanza. Kwa hiyo wodi inayompa kila mtu seftriaksoni na metronidazoli, ukihesabu kwa maandiko ya dawa, inaonekana imefikia asilimia 50, na ukimwongezea mgonjwa dawa ya tatu asiyoihitaji kutoka kundi la kwanza, asilimia inapanda. Ripoti inapendeza na mgonjwa amezidishiwa. Ninawaomba wenzangu wanaoandaa ripoti za hospitali wasiishie kwenye asilimia hiyo. Waweke pembeni yake idadi ya mafaili yenye sababu iliyoandikwa, na idadi ya yenye tarehe ya mwisho.

Metronidazoli ya sindano inanikera kwa namna ya pekee. Kidonge chake hufyonzwa na utumbo karibu chote. Dawa inayofika kwenye damu kwa kumeza inalingana na ya dripu. Mgonjwa anayeweza kunywa mtori anaweza kumeza kidonge. Hata hivyo tunamtundikia chupa tatu kwa siku, kila chupa na mpira wake, kila kufungua kanyula ni mlango mwingine wa vimelea kuingia kwenye mshipa. Yule mama wa kitanda cha sita alikuwa hana maambukizi kwenye mshono. Dalili pekee ya maambukizi mwilini mwake ilikuwa pale kanyula ilipochomekwa.

Na upasuaji ndio mahali penye ushahidi usio na ubishi mwingi. Antibayotiki ya kuzuia maambukizi ya mshono inafanya kazi yake pale inapokuwa tayari imesambaa kwenye nyama wakati kisu kinapita. Dozi moja, kabla ya kukata, inatosha kwa operesheni nyingi. Miongozo ya Shirika la Afya Duniani ya mwaka 2016 inasema wazi kwamba dawa hiyo isiendelezwe baada ya operesheni kwa nia ya kuzuia. Kwa upasuaji wa kujifungua, dawa inayofaa ni ya kizazi cha kwanza cha jamii ya seftriaksoni, kama sefazolini. Sisi tumezoea kinyume: dawa haitolewi kabla, au inachelewa, halafu inafuata siku tano za sindano kana kwamba tunamlipa mgonjwa deni.

Waliojaribu kugeuza mazoea hayo ni jirani zetu wa Thika. Miaka ya mwanzo ya muongo uliopita, hospitali ya Thika nchini Kenya iliweka sera: dozi moja kabla ya kisu, na baada ya hapo isiendelee bila sababu. Matumizi ya kabla ya operesheni, ambayo mwanzo yalikuwa karibu hayapo, yakawa jambo la kila mgonjwa, na ya baada yakashuka sana. Madaktari waliogopa mishono ingeoza. Haikuoza, maambukizi hayakuongezeka. Hospitali ikaokoa fedha kwa kila operesheni, na wauguzi wakapata saa ambazo zamani ziliishia kuchanganya unga na maji. Hilo la wauguzi ndilo ninalolishikilia zaidi, kwa sababu linaonyesha kwamba kupunguza antibayotiki kunaweza kuwa msaada kwa watu walewale tunaodhani watapinga.

Kwa nini basi kwetu dawa haisimamishwi? Kuanzisha dawa kuna mwenyewe, kuna saa yake, kuna saini. Kusimamisha hakuna. Daktari akiendeleza dawa na mgonjwa akazidiwa, hakuna atakayemuuliza kwa nini aliendeleza. Akiisimamisha na mgonjwa akazidiwa usiku ule, ataulizwa na ndugu, na mkuu wa idara, na dhamiri yake mwenyewe. Intani, daktari aliye kwenye mafunzo kwa vitendo, hawezi kufuta kilichoandikwa na bingwa. Bingwa anapita raundi mara mbili kwa wiki na wagonjwa 40, anaangalia mshono na joto, hafiki ukurasa wa dawa. Muuguzi anatekeleza. Na mfamasia, ninajisema mimi na wenzangu, yuko dirishani akihesabu chupa zinazotoka, anajua kabisa kwamba kitanda cha sita kimefika siku ya nne, na anatoa chupa nyingine.

Huko Afrika Kusini walichukua hospitali 47 za binafsi, na wafamasia wa kawaida, wasio na shahada ya magonjwa ya kuambukiza, wakapewa kazi ya kupita mafaili wakiuliza mambo machache: je, kipimo cha kuotesha kilichukuliwa kabla ya kuanza? Je, dawa imepita siku 7? Imepita 14? Je, mgonjwa ana dawa zaidi ya nne kwa pamoja? Je, kuna mbili zinazofanya kazi ileile? Wakikuta jambo, wanampigia daktari. Kati ya 2009 na 2014 matumizi ya antibayotiki yalishuka kwa asilimia 18 hivi. Ni hospitali zenye fedha na maabara, najua, na hakuna anayetegemea tuige kila kitu. Lakini swali la “imepita siku ngapi?” halina bei. Kalamu na faili vinatosha, na mtu mwenye ruhusa ya kuuliza.

Hiyo ruhusa ndiyo ninayoidai. Siku ya tatu ya kila antibayotiki ya sindano, faili lisimame: mfamasia au muuguzi aandike swali kwa daktari, na daktari alazimike kujibu kwa maandishi, kati ya kuacha, kuhamia vidonge, kubadili kwenda dawa nyembamba zaidi, inayogusa vimelea vya aina chache, au kuendelea kwa sababu anayoitaja. Asipojibu, mganga mfawidhi ajue. Si kwa ajili ya kumkamata mtu. Intani atapata mlango wa kusema alichokiona bila kumvunjia bingwa heshima, na bingwa atajua kuna macho ya pili. Mpango wa taifa wa kupambana na UVIDA tunao, wa kwanza ulianza 2017 na wa sasa unakwenda hadi 2028. Mwongozo wa matibabu upo. Kamati za dawa na tiba zipo kwa maandishi katika kila hospitali ya rufaa. Kinachokosekana ni mtu mmoja kitandani siku ya tatu.

Nakiri kuna mahali swali hilo halitatosha. Kwa watoto wachanga, mwongozo unasema tuanze na ampisilini na jentamaisini, na utafiti uliofanyika katika nchi kadhaa zikiwemo Rwanda na Ethiopia umeonyesha kwamba vimelea vingi vinavyowaua wachanga vimeshazizoea dawa hizo. Kumwambia daktari wa wachanga “fuata mwongozo” bila kumpa maabara ni kumtupia mzigo. Huko tunahitaji chupa za kuoteshea damu zinunuliwe kama tunavyonunua vipimo vya malaria, kila mwezi, bila kusubiri mradi wa wafadhili. Na tunahitaji kunawa mikono kabla hata ya kuzungumza dawa.

Siku ile ya hesabu, raundi ilifika kitanda cha sita saa nne na nusu. Bingwa alisikiliza, akaangalia mshono, akafuta dawa zote mbili na kuandika tarehe. Sista akatoa kanyula. Yule mama akakunja mkono wake kwa mara ya kwanza kwa siku nne, akampakata mtoto kwa mikono yote miwili.

Mama yake alinifuata mlangoni. “Daktari, mwanangu mmemkatia dawa kwa sababu hatuna bima?”

Nikamwambia, “Hapana, mama. Binti yako ni mzima. Dawa ile ilikuwa haimsaidii tena, na mkono ulikuwa unaumia kwa ajili yake.” Alinitazama kwa muda, akipima kama namdanganya. Kisha akafungua mfuko wake wa plastiki. Ndani, chini ya kanga na bakuli, zilikuwa chupa tatu za metronidazoli ambazo jana jioni alitumwa kuzinunua nje kwa sababu stoo ilikuwa imeishiwa. Risiti bado alikuwa nayo, ameikunja vizuri.

Akaniuliza kama duka litazipokea tena. Ikabidi nimwambie kwamba dawa ikishatoka duka la dawa hairudishwi.